Mtoto wa miaka 4 goti limevimba haliponi, bingwa wa watoto wa viungo anapatikana wapi?

Baba Tumaini
Wakuu habarini. Binti yangu ana miaka 4, goti la kulia limevimba tangu mwezi wa tatu na sasa kifundo cha mguu wa kushoto nacho kimeanza. Asubuhi akiamka anatembea anashika ukuta kama bibi, ikifika saa nne anakimbizana na wenzake utasema ni mwingine. Hospitali ya kwanza wakapiga eksirei wakasema mfupa mzima, wakapima rumatoidi fakta (kipimo cha damu cha baridi yabisi) ikaja negativu wakasema basi sio baridi yabisi, tukapewa dawa ya maumivu. Kwingine wakasema uriki asidi, aache nyama. Tupo Sumbawanga, bima ya NHIF ipo. Naanzia wapi?

kyela_boy
Gauti hiyo mkuu, ugonjwa wa viungo wa hiyo uriki asidi, mkatie maharage na nyama nyekundu. Kuna mzee huku ana mafuta ya kuchua, nicheki pm.

Mama Nasra
Gauti kwa mtoto wa miaka 4 ya wapi jamani, na wewe na mafuta yako! Baba Tumaini wa kwangu alianza hivyohivyo. Hicho kipimo kisikutishe, huu ni kama baridi yabisi ya watoto, na wengi wenye nayo kinatoka negativu, wanachoangalia ni uvimbe kukaa zaidi ya wiki 6 na ule ukakamavu wa asubuhi, halafu wanaondoa mengine kwanza, tibii ya goti, sikoseli, usaha. Usiende tena kwa daktari wa mifupa wa wakubwa, omba rufaa ya maandishi uende Mbeya hospitali ya kanda kwa daktari bingwa wa WATOTO, wao ndo wakuandikie Muhimbili ikibidi. Bila rufaa bima itakusumbua dirishani.

tabibu_mstaafu
Mama Nasra kamaliza, naongeza macho. Wasichana wadogo walioshikwa viungo vichache ndo macho yao yanavimba kwa ndani, hayawi mekundu, hayaumi, mtoto halalamiki mpaka uoni umepungua. Kliniki ya macho wamuangalie kwa ile mashine ya taa anayowekea kidevu, na warudie kila baada ya miezi kama 3. Hii usisubiri Dar.

Baba Tumaini
Asanteni sana, macho hakuna hata mmoja aliyenigusia. Dawa zake ni za maisha?

Mama Nasra
Inategemea na mtoto, wengine wanatulia wanaachishwa. Wangu alichomwa sindano ndani ya goti kisha akaanzishiwa methotreksati, dawa ya kutuliza ugonjwa wenyewe, hiyo ni MARA MOJA KWA WIKI, sisi ni Jumapili na nimeiandika ukutani maana dada wa kazi siku moja alitaka kumpa kila siku, ni hatari. Na damu wanapima kuangalia ini. Video ya anavyotembea asubuhi irekodi, maana ukifika kwa daktari saa sita mtoto anaruka na hakuna atakayekuamini.