Kichwa cha mtoto cha marumaru: mbona macho hayana mboni?

Mama Zuhura: Wapendwa, niko Copenhagen kwa mwanangu. Jana Jumamosi alinipeleka makumbusho ya Glyptotek, upande wa sanamu za Kirumi. Nilisimama mbele ya kichwa cha mtoto cha marumaru mpaka mguu ukafa ganzi. Umri kama miaka minne. Mashavu yamejaa, mdomo wa juu umetokeza kama anayetaka ziwa, nywele zimelalia paji la uso. Pua imevunjika. Lakini macho ni meupe matupu! Kichwa cha jirani yake kina mboni zilizochimbwa, kinakutazama. Huyu wa kwanza alikuwa kipofu?

Fundi Kombo: Shikamoo mama. Hakuwa kipofu, macho yake yamefutika. Warumi walizipaka sanamu rangi: nywele, midomo, mboni. Humo humo Glyptotek kuna kichwa cha Caligula, mfalme wa Kirumi, chenye mabaki ya rangi, kitafute. Mboni za kuchonga zilienea tangu zama za mfalme mwingine, Hadrian, mwaka 130 hivi baada ya Kristo, kwa hiyo huenda huyo wako ni wa kabla ya hapo. Mimi nachonga mbao, na naomba ukirudi uangalie pembe za mdomo na ndani ya sikio. Patasi haifiki huko, walitumia keekee.

Mama Zuhura: Marahaba mwanangu. Nimerudi leo. Kitundu nimekiona, pembe ya kushoto ya mdomo, duara kama ncha ya msumari. Na shingo kwa chini imechongoka kama kigingi. Hiyo nayo ya nini?

Mwalimu Rehema: Ya kuchomekea, dada. Kichwa kilichongwa peke yake, kikapachikwa kwenye kiwiliwili. Sanamu nyingi za watoto ziliwekwa makaburini, maana watoto walikufa sana. Roma lipo kaburi la Quintus Sulpicius Maximus, aliyeshindana kutunga mashairi ya Kigiriki mwaka 94. Wazazi waliandika jiweni kwamba aliishi miaka 11, miezi 5 na siku 12.

Mama Zuhura: Wamehesabu hadi siku. Wangu wa kwanza alikaa miezi saba na siku tisa. Mdomo wake ulikuwa hivyo hivyo, umetokeza. Picha yake sina hata moja. Kesho kutwa, kabla ya safari, nitapita tena pale.