Mzani wa samaki hausomeki kompyuta ikiwaka, mpaka niite moduli (kiendeshi chake) kwa mkono

Fundi_Mwaloni: Habari zenu wakuu. Nahudumia kompyuta ya mfanyabiashara wa dagaa na sangara, Mwaloni Kirumba. Ina Ubuntu, na mzani umeunganishwa kwa waya wa USB wenye chipu ya CH340. Umeme ukikatika na kurudi, kompyuta inawaka vizuri ila uzito hausomeki. Nikiandika `sudo modprobe ch341`, yaani kupakia moduli ya chipu hiyo, papo hapo /dev/ttyUSB0 (mlango wa kusomea mzani) inatokea na kazi inaendelea. Mzigo unaingia alfajiri, karani wao hajui amri hizi. Amri ya lsusb inaonyesha namba za kifaa 1a86:7523. Nifanyeje moduli ijipakie yenyewe?

NyanzaKali: Andika ch341 kwenye faili lenye kiishio .conf ndani ya /etc/modules-load.d/, kisha washa upya.

Fundi_Mwaloni: Nimefanya hivyo mkuu, bado.

Igoma_Linux: Ndugu, jibu limo kwenye maelezo yako. Kifaa kikichomekwa, kerneli (kiini cha mfumo) hutangaza utambulisho wake, yaani modalias. Wako unaanza na usb:v1A86p7523. udev, huduma inayosimamia vifaa, huupokea, na kmod, zana ya kupakia moduli, ikautafuta katika modules.alias chini ya /lib/modules/ ili kujua moduli ipi inahusika. Orodha hizo za moduli hutengenezwa na amri ya depmod. Zingekuwa hazipo kwa kerneli yako, hata modprobe ya mkono ingegoma. Na namba za kifaa zingekuwa ngeni kwa ch341, moduli ingepakiwa lakini ttyUSB0 usingeiona. Kwa hiyo mimi namshuku blacklist, yaani mstari wa kukataza moduli. Yeye hufunga njia ya modalias tu. Ukiitaja moduli kwa jina, modprobe inaipakia bila kinyongo. Huduma inayosoma modules-load.d nayo hutii katazo hilo, ndiyo maana ulipojaribu haikusaidia. Endesha:

`grep -r ch341 /etc/modprobe.d/`

Fundi_Mwaloni: Ipo! `blacklist ch341`, ndani ya faili aliloacha fundi aliyenitangulia.

Igoma_Linux: Futa mstari huo, halafu `sudo update-initramfs -u`, maana nakala ya mipangilio hiyo huweza kukaa ndani ya initramfs (mfumo mdogo unaotangulia kuwaka) pia. Lile faili la modules-load.d liondoe. Wakibadilisha mzani kesho, udev itachagua moduli yenyewe.

Fundi_Mwaloni: Imekubali. Nimezima kabisa, nikawasha, mzani ukasoma bila kugusa kibodi. Asanteni sana wakuu. Kuna mzani mwingine Igombe wenye chipu ya pl2303 una dalili hizi hizi, naanza na hiyo grep.