MREJESHO: Mapambo ya Krismasi ya unga na chumvi

Wakuu, ahsanteni. Niliuliza kwa nini nyota za unga zinavimba na kupasuka ovenini. Ni moto mkali, maji mengi, na unga uliochanganywa baking powder kiwandani.

Kipimo kilichokubali: vikombe 2 vya unga wa ngano wa kawaida, 1 cha chumvi laini, na maji yasiyozidi kikombe 1, kidogo kidogo. Donge likinata vidoleni, ongeza unga. Sukuma unene wa milimita 5, toboa tundu la uzi kwa mrija kabla ya kuoka (pambo likishakauka litameguka tu). Oka nyuzi 120 za Selsiasi, kwa muda wa saa 2 hadi 3, geuza katikati.

Vanishi msiiruke! Chumvi hufyonza unyevu. Kwa hewa ya Pwani, pambo lisilopakwa pande zote hulegea na kudondoka.