Mliosoma Harry Potter naombeni ushauri: vitabu hivi vina shida kwa mtoto?

Mkulima wa Uyole
Wakuu habari za majukumu. Huku Mbeya baridi imeshika kweli lakini tunamshukuru Mungu.

Nina mtoto hapa nyumbani, ana miaka 11, yuko darasa la tano. Ana vitabu vya Harry Potter, vya Kiingereza, na siku hizi hana habari na kitu kingine. Akitoka shule ni kitabu, akila ni kitabu, umeme ukikatika anawasha tochi. Cha kwanza amekirudia mpaka jalada limechomoka. Mke wangu ni mtu wa maombi, na wenzake kwenye kikundi wamemwambia vinafundisha uchawi. Na kweli mtoto amebadilika tabia.

Mimi sijavisoma na sipendi kukurupuka. Mliosoma, mle ndani kuna nini? Mtoto wa umri huu anaweza kuvisoma akabaki salama? Naomba majibu ya watu wazima, matusi sitaki.

Shangazi Gangilonga
Mkuu umenigusa penyewe. Nimevisoma vyote saba, nilianza nikiwa sekondari hapa Iringa, tulikuwa tunagombania nakala moja bweni zima. Cha kwanza kilitoka 1997 na cha mwisho 2007, na mhusika mkuu Harry, mvulana anayesoma shule ya bweni ya uchawi, anakua mwaka mmoja kila kitabu, kwa hiyo hata uzito wa mambo unakua naye. Cha kwanza mpaka cha tatu kwa mtoto wa miaka 11 hakuna neno. Cha nne mwishoni kijana mwema anauawa mbele ya Harry, na kuanzia hapo vifo havikauki. Hapo mzazi awe karibu.

Kwangu bora kuliko vyote ni cha tatu. Hakuna sentensi ya kutupa. Kuna viumbe humo wanaonyonya furaha ya mtu mpaka abaki na kumbukumbu mbaya tupu, na dawa ya kwanza wanayompa mtoto ni chokoleti! Aliyeandika vile anajua huzuni ni nini.

Kijana wa Mwanjelwa
Mimi nimeona muvi zote nane, nyingine kibanda umiza zikiwa zimetafsiriwa. Wale wanapaa na fagio, huku kwetu wanapaa na ungo. Mkuu chunguza ungo wa nyumbani, kama upo mahali pake mtoto hana shida 😂

Mtumishi Songwe
Ndugu mleta mada, hili si la utani. Soma Kumbukumbu la Torati 18 kuanzia mstari wa 10. Halafu nenda Matendo 19:19, watu wa Efeso walipookoka walileta vitabu vyao vya uganga wakavichoma mbele ya watu wote, na thamani yake ilikuwa vipande 50,000 vya fedha. Hawakuangalia hasara. Mtoto anakula anacholishwa. Leo anasoma uchawi wa kuigiza, kesho atatafuta wa kweli, na huku kwetu hautafutwi mbali.

Shangazi Gangilonga
Mtumishi kwa heshima zote, vile vya Efeso vilikuwa vya kufanyia kazi, hiki ni cha hadithi. Umekisoma? Kitabu cha saba Harry anakwenda makaburini usiku wa mkesha wa Krismasi kutafuta kaburi la wazazi wake, na juu ya jiwe kuna andiko la 1 Wakorintho 15:26, lile la adui wa mwisho ambaye ni mauti. Hapohapo kwenye kaburi jingine kuna Mathayo 6:21. Mwandishi, J.K. Rowling, hakuyaweka kama mapambo. Mama yake alifariki 1990, mwaka uleule aliopata wazo la hadithi hii. Vitabu vyote saba vinauliza mtu anaishije baada ya kufiwa.

Mtumishi Songwe
Hata shetani alinukuu maandiko.

Bwana Miti wa Njombe
Shangazi hapo kwa cha tatu nakataa. Bora ni cha tano. Najua watu wanalia kwamba ni kirefu, kina kurasa zaidi ya 700, lakini yule mama Umbridge! Mwalimu wa sauti nyororo na nguo za pinki anayemwandikisha mtoto mpaka maneno yanachanjika kwenye ngozi ya mkono. Voldemort, adui mkuu wa Harry, hakunitisha kama huyu mama. Mimi nimepita kwenye mikono ya mwalimu wa namna hiyo, sitasema shule gani, na nilipofika kurasa zile ilibidi nifunge kitabu nitoke nje.

Dada wa Tukuyu
Mnaogopa vitabu vya Waingereza wakati tumelelewa na hadithi za kutisha kuliko hizo. Bibi yangu alikuwa wa Isongole, karibu na Ziwa Ngosi. Jioni tukimenya viazi anatusimulia joka lililomo ziwani, na kwamba maji yakibadilika rangi limegeuka upande. Tulikuwa tunalala tumebanana. Asubuhi tunakwenda shule kama kawaida, na hakuna aliyekuwa mchawi. Nimekuja kupanda mpaka juu nikiwa mtu mzima, kreta lile na kimya chake, nikamkumbuka bibi nikalia.

Samahani nimetoka nje ya mada.

Mwalimu Mafinga
Mleta mada, kuna jambo umelipita harakaharaka. Umesema mtoto amebadilika tabia. Tabia gani? Amekuwa mwizi, mtoro, anapiga wenzake?

Mkulima wa Uyole
Hapana, si mtukutu. Amekuwa mkimya tu.

Mwalimu Mafinga
Ukimya ni tabia ya wasomaji wote. Kikundi cha maombi hakiwezi kukaa kikao kwa ajili ya ukimya. Sema yote mkuu, vinginevyo tunakushauri gizani.

Mkulima wa Uyole
Sawa. Usiku kuna mara mke wangu ameamka amemkuta sebuleni amekaa chini mbele ya kabati la kioo. Taa imezimwa, ana tochi. Anajitazama tu. Ukimuuliza anasema "nilikuwa naangalia." Si mara moja. Mke wangu sasa halali. Ndipo wenzake waliposema ni agano la kioo, lazima vitabu vitoke ndani ya nyumba.

Kijana wa Mwanjelwa
Duh. Ule ungo nimefuta.

Mtumishi Songwe
Nilisema.

Bwana Miti wa Njombe
Mimi nina swali jingine. Cha kwanza tu kina kurasa 223 za Kiingereza. Darasa la tano la shule gani hilo?

Mkulima wa Uyole
Kiingereza anakijua tangu mdogo, baba yake alimsomesha shule ya Kiingereza kabla hajaja kwangu.

Dada wa Tukuyu
Baba yake? Kwani wewe kaka ni nani yake?

Dada wa Tukuyu
Mkuu upo?

Mkulima wa Uyole
Nipo, nilikuwa dukani. Ni mtoto wa kaka yangu, ni marehemu sasa. Mimi ni baba yake mdogo. Vitabu ni vya kaka, alikuwa anamsomea. Sikuona kama ni muhimu kusema, mtoto wa ndugu yako ni mtoto wako.

Mwalimu Mafinga
Poleni sana kwa msiba. Na mama yake mtoto?

Mkulima wa Uyole
Yupo Tunduma, anafanya biashara ndogondogo.

Mwalimu Mafinga
Mbona mtoto hayuko naye?

Mkulima wa Uyole
Mwalimu unanichimba. Pale msibani yalisemwa maneno. Kaka aliugua muda mfupi akaondoka, na wazee walimtazama shemeji. Si mimi niliyesema. Ukoo ukaamua mtoto abaki kwetu, na mama yetu ni mtu mzima ana presha, siwezi kumpinga. Sasa mjiweke kwenye nafasi yangu: mtoto ambaye mama yake ametajwa hivyo, anakaa usiku kwenye kioo na vitabu vya wachawi. Majirani wakijua? Ndiyo maana nimeshachukua hatua. Vitabu viko kwa mzee wa kanisa, Jumapili vitaombewa na kuchomwa. Na nimeshachukua fomu ya shule ya bweni huko Njombe, Januari anakwenda. Ni kwa faida yake. Hapa kwangu nafasi yenyewe finyu, wanangu wako watatu chumba kimoja, yeye nimemwekea kitanda stoo.

Dada wa Tukuyu
Kwa hiyo umekuja kuomba ushauri vitabu vikiwa tayari kwenye foleni ya moto.

Mkulima wa Uyole
Nilitaka kujua kama nimefanya sawa.

Mzee wa Kihesa
Wakuu, nimekaa kimya nasoma. Hii ni chai, tena ya rangi, haina hata tangawizi. Hebu angalieni: mtoto yatima, miaka 11. Analelewa na ndugu. Analala stoo wakati watoto wa nyumba wana chumba. Mama yake anaitwa mchawi. Anakaa usiku mbele ya kioo. Mwisho anapelekwa shule ya bweni! Hiki si ndicho kitabu cha kwanza cha Harry Potter chenyewe, kimehamishiwa Uyole? Mleta mada amekaa na kitabu mkononi anatuchezea.

Bwana Miti wa Njombe
Weee! Mzee umeona mbali. Hata fagio amelificha tu.

Kijana wa Mwanjelwa
Mods unganisheni uzi huu na jukwaa la hadithi. Mkuu sehemu ya pili lini?

Shangazi Gangilonga
Aisee. Mimi niliyevisoma vyote sikuliona. Mleta mada jitetee.

Mkulima wa Uyole
Sielewi mnachocheka. Nimewaambia sijavisoma. Kaka yangu yuko kaburini kweli na mtoto yuko hapa kweli, sasa hivi anachambua maharage nyuma. Kwani huko kwenye kitabu mtoto analala stoo?

Mzee wa Kihesa
Usijifanye hujui.

Shangazi Gangilonga
Mzee subiri. Kama anadanganya, hakuna aliyepata hasara. Kama ni kweli, hakuna anayemjibu. Ngoja nimjibu.

Ndiyo, analala kwenye kabati chini ya ngazi. Wazazi wake waliuawa akiwa na mwaka mmoja, akalelewa na mama yake mkubwa Petunia na mumewe Vernon Dursley. Mtoto wao Dudley ana vyumba viwili, kimoja cha kulala na kingine cha midoli. Barua ya kwanza ya shule inakuja imeandikwa mpaka mahali anapolala, hapo chini ya ngazi, ndipo wanashtuka na kumhamishia kile chumba cha midoli. Na miaka yote walimdanganya kwamba wazazi walikufa kwa ajali ya gari. Mama yake alikuwa mchawi, dada mtu aliona haya kumtaja. Sasa wewe niambie, mtoto wenu mmemwambia mama yake yuko wapi?

Mkulima wa Uyole
Tumemwambia amesafiri. Mambo ya ukoo hayamhusu mtoto.

Mwalimu Mafinga
Na mimi niongeze la kioo, kwa sababu hili si agano lolote.

Sura ya 12 ya kitabu cha kwanza. Wakati wa Krismasi Harry anazunguka shule usiku, anaingia chumba kitupu chenye kioo kikubwa. Anapojitazama anawaona mama yake na baba yake wamesimama nyuma yake, na ukoo wote, mtu aliyekuwa hajawahi kuona hata sura zao. Mama anatabasamu huku analia. Anarudi usiku unaofuata, anarudi tena. Mwalimu mkuu Dumbledore anamkuta amekaa sakafuni na hamgombezi. Anamweleza kwamba kioo kile kinaonyesha kile ambacho moyo wa mtu unakitaka kuliko vyote, hakionyeshi ukweli, na kwamba watu wamepotea wakikikodolea. Anamwambia kitahamishwa na asikitafute tena.

Mkulima, mwanao amefiwa na baba aliyekuwa akimsomea kitabu hiki, na mama "amesafiri." Anakaa mbele ya kabati lenu. Unadhani anamtafuta nani? Mimi nafundisha watoto wa umri huu. Sioni pepo hapo. Na hicho kitabu chenye jalada lililochomoka huenda ndicho sauti ya baba yake iliyobaki.

Dada wa Tukuyu
Jamani.

Mtumishi Songwe
Bado siungi mkono maudhui ya vitabu, msimamo wangu haujabadilika. Ila yatima na mjane tumeagizwa kuwatazama, Yakobo 1:27. Na kumtaja mama wa watu msibani bila ushahidi ni dhambi, achilia mbali kwamba Sheria ya Uchawi iko katika nchi hii toka 1928. Wachungaji wa huko wamwite huyo shemeji wamsikilize.

Mzee wa Kihesa
Mimi bado nasema chai. Ila mwalimu ameandika vizuri.

Mkulima wa Uyole
Nimesoma yote. Stoo si kabati, ina dirisha na nimeweka taa. Siyo kwamba tunamtesa, anakula meza moja na wanangu. Mnanilinganisha na watu wa kwenye kitabu bila kunijua.

Naomba kuuliza. Huyo mume wa mama mkubwa, mwishoni inakuwaje kati yake na mtoto?

Shangazi Gangilonga
Mwanzoni mwa cha saba. Adui anawatafuta, familia inabidi ihame kwenda kufichwa. Dudley, aliyemtesa kuliko wote, ndiye anayegeuka na kumpa Harry mkono. Mama mkubwa anataka kusema neno, linamkwama, anaondoka. Mume naye karibu anyooshe mkono, anashindwa dakika ya mwisho. Harry ana miaka karibu 17, na hawaonani tena mpaka kitabu kinaisha.

Mkulima wa Uyole
Asante dada.

Kesho nitapita kwa mzee wa kanisa kabla ya Jumapili nivichukue. Hicho cha kwanza nataka nikisome mwenyewe. Suala la shemeji sijasema ndiyo, kuna mama yetu na kuna wazee, lakini namba yake ninayo. Bweni fomu nimeshalipia, tutaona Januari.

Mwalimu Mafinga
Kiingereza kikikusumbua mwambie akusomee yeye.

Mkulima wa Uyole
Anasoma haraka sana yule. Nitamwambia apunguze mwendo.

Kijana wa Mwanjelwa
Mkuu tunasubiri mrejesho. Na kile cha tatu anachokisifia Shangazi naomba kuazima mtoto akishamaliza, Uyole si mbali, nakuja mwenyewe.