Tupeane uzoefu: tunaoishi Uingereza, watu wamebadilika au tulikuwa hatuoni?

MamaZuu_Birmingham: Wakuu, habari zenu. Tangu Agosti 2025 bendera za St George, zile za England zenye msalaba mwekundu, zimejaa kwenye nguzo za taa mtaani kwetu. Binti yangu akaniuliza, "Mama, Uingereza inacheza leo?" Hakuna mechi. Jirani ninayempelekea chapati kila Idi naye katundika yake dirishani, na sijui nimsalimie vipi. Bendera ni yao, na wengi wanaipenda tu nchi yao, lakini moyo umenirudisha ile wiki ya fujo ya Agosti 2024, wahuni walipowavamia wageni na misikiti baada ya wale watoto watatu kuuawa Southport. Mlikuwa wapi? Na tangu hapo mnaishije na watu?

Kisauni_Leeds: Umenigusa, mpendwa. Wiki ile tuliswali majumbani.

Dada_wa_Moshi: Mimi nilikuwa Middlesbrough, kazini. Jumapili, tarehe 4. Nafanya kea ya majumbani, natembea kwa miguu toka kwa mzee mmoja hadi kwa mwingine. Nilikuwa kwa babu mmoja namchemshia chai, nikasikia vishindo. Kumbe wanaburuta mapipa ya taka barabarani wanayatia moto, na vioo vya nyumba za watu vinavunjwa, nyumba hii, nyumba ile. Nikampigia mwajiri. Nikaambiwa nimalize ratiba, kuna bibi anasubiri dawa. Huku kwenye simu inasambaa video ya vijana wamesimamisha magari, wanawauliza madereva kama ni weupe, kama ni Waingereza. Na mimi nimevaa sare, jina langu kifuani.

Babu akatia komeo, ufunguo akautia mfukoni mwa pajama. Akasema hutoki. Akampigia mwanawe aje na gari. Nilisafiri nimelala kiti cha nyuma, nimefunikwa koti, hadi mlangoni kwangu.

Sasa linaloniuma ni hili. Babu huyohuyo alishaniambia kwamba kwenye uchaguzi wa Julai 4 kura yake aliipa Reform, chama cha Nigel Farage kinachopinga wahamiaji. Tukimsubiri mwanawe, televisheni inaonyesha moto, akaniambia, "Si wewe, mwanangu. Ni wale wa kwenye boti." Yaani wanaovuka bahari toka Ufaransa kuja kuomba hifadhi. Nikanyamaza. Viza yangu ilitoka baada ya Machi 11, 2024, siku ambayo sisi wa kea tulizuiwa kuja na watoto. Wangu yuko Moshi kwa mama yangu. Sikuja na boti, na mwanangu mlango amefungiwa vilevile.

Mama_Ilala: Pole sana dada yangu. Huyo babu Mungu amzidishie.

Chox_Coventry: Amzidishie nini? Kakuokoa jioni kutoka kwa moto ambao kura yake ilipuliza asubuhi. Tuache kuwashukuru watu kupita kiasi.

Dada_wa_Moshi: Chox, ningekuwa nje dakika ile usingeniandikia hivyo. Namshukuru, na bado naumia. Vyote viwili ni vyangu.

Ngosha_Reading: Lakini babu ana hoja. Sisi tunalipia viza, tunalipa na pauni 1,035 kwa mwaka za matibabu, halafu wanaovuka bila makaratasi wanatuchafulia jina. Yule muuaji wa Southport si alikuja na boti?

Buja_Glasgow: Ngosha, futa hiyo kauli. Yule kijana alizaliwa Cardiff, wazazi wake Wanyarwanda. Ya boti ulikuwa uzushi wa mtandaoni, na kwa uzushi huo watu waliwasha moto mlangoni pa hoteli ya Rotherham, waomba hifadhi wakiwa ndani. Mimi niliomba hifadhi nikitoka Bujumbura. Unadhani kuna dirisha ubalozini la kupanga foleni ya viza ya kukimbia risasi?

Ngosha_Reading: La Southport nimekubali. La boti, sijakubali.

Mzee_Tanga_Leicester: Vijana, hayakuanza jana. Mwaka 1972 Amin alipowafukuza Wahindi, halmashauri ya Leicester ilitoa tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus kuwasihi wasije huku. Wakaja kwa maelfu, wakafungua maduka Belgrave Road, na mji ukasimama nao. Mimi nilipofika miaka ya themanini tulikuwa tunatemewa mate kituo cha basi, na hakuna aliyeona ajabu. Nimeishi hadi nikamwona Rishi Sunak anakuwa Waziri Mkuu, Oktoba 2022, baba yake mzaliwa wa Kenya, mama yake wa Tanganyika. Nililia kwa furaha. Kisha akaung'ang'ania mpango wa kupeleka waomba hifadhi Rwanda, mpango uliotiwa saini Kigali na Priti Patel akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, ambaye wazazi wake walitoka Uganda! Sura zimebadilika, na hilo si dogo. Sera zikazidi kukaza.

Asha_E17: Wiki ileile ya fujo, Agosti 7, nilikuwa Walthamstow, London. Maduka yalifungwa mapema, mbao madirishani. Tukajitokeza maelfu, bibi wa Kizungu niliyesimama naye kashika bango lake kwa mikono miwili inatetemeka. Wale wahuni hawakutokea. Hiyo ndiyo Uingereza ninayoijua.

Chox_Coventry: Na Septemba 13, 2025, London hiyohiyo, polisi walikadiria zaidi ya watu 110,000 kwenye maandamano ya Tommy Robinson, yule mpinga wahamiaji. Ijue na hiyo.

Kisauni_Leeds: Dada wa Moshi, hamia London.

Mama_Ilala: Kodi ya chumba utamlipia wewe? Abaki, ajiunge na chama cha wafanyakazi, amdai mwajiri aandike kwamba kukiwa na fujo hakuna kutoka.

Ngosha_Reading: Jengeni nyumbani. Kiwanja Kibaha hakiulizi ukaazi. Serikali ya Labour yenyewe Mei 2025 ilitangaza mpango wa kuusogeza ukaazi wa kudumu toka miaka 5 hadi 10.

Asha_E17: Kabla ya Kibaha, pigeni kura! Mtu wa nchi ya Jumuiya ya Madola anayeishi hapa kwa viza halali anaruhusiwa kujiandikisha, hata kwa uchaguzi wa bunge. Si lazima uwe raia.

Dada_wa_Moshi: Hata mimi wa kea?

Asha_E17: Hata wewe. Ingia tovuti ya serikali, weka anwani na namba yako ya bima ya taifa. Siku ya kura beba pasipoti yako ya Tanzania.

Buja_Glasgow: Na Burundi?

Asha_E17: Burundi haimo, kaka. Rwanda imo tangu 2009.