Tumbo na wasiwasi: vidonge vya bakteria nimeze saa ngapi?

Mkaazi_Langoni: Assalamu alaikum. Niko Lamu. Nimepimwa, hakuna amiba wala kidonda, daktari akasema ni IBS, yaani utumbo unaovurugika mara kwa mara. Mara naharisha, mara sipati choo. Nikijua kesho napanda boti kwenda Mokowe, usiku silali. Nimesoma kuwa bakteria wa utumboni hugusa hata akili, nikanunua vidonge vyao. Nimeze asubuhi au usiku?

Nahodha_Shela: Acha mbaazi na mahamri kwanza. Mimi mbaazi zilinitoa mbio arusini, kanzu mkononi.

Bi_Mwana: Wasiwasi dawa yake dhikri, mwanangu. Na simu uizime usiku.

Muuguzi_Malindi: Mbaazi, ngano na vitunguu huchachuka utumboni, gesi ikajaa, kwa hiyo Nahodha hajakosea. Na kweli utumbo na ubongo hupashana habari kwa neva ya vagasi. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, waligawa wagonjwa 44 wa IBS: nusu wakapewa Bifidobacterium longum, nusu dawa bandia. Huzuni ilipungua zaidi kwa waliopata bakteria, wasiwasi, la. Tena ni bakteria wa aina moja, si kila kidonge cha dukani. Kuna dawa nyingine unayotumia?

Mkaazi_Langoni: Hayo hayahusu. Nauliza saa tu.

Muuguzi_Malindi: Yanahusu sana.

Mkaazi_Langoni: Haya. Nilipewa dawa za wasiwasi, nimeziacha juma lililopita. Zanichosha. Na mji huu ukionekana kliniki ya akili, hadi magharibi mtaa mzima unajua. Vidonge vya tumbo hakuna atakayeviuliza. Nimeshaamua.

Muuguzi_Malindi: Kuziacha ghafla kwenyewe huleta kizunguzungu, kichefuchefu na kukosa usingizi. Huenda ndiyo hayo unayolaumu tumbo.

Kipanga_Watamu: Ngojeni. Nyuzi hizi twazijua: leo mgonjwa analia, kesho "rafiki" anatokea na bei ya vidonge. Hadithi ya kutunga hii.

Nahodha_Shela: Hata mimi nashuku. Mtu wa Langoni asitaje chakula hata kimoja?

Mkaazi_Langoni: Wallahi siuzi kitu, na jina la vidonge sitalitaja. Muuguzi, zile dawa zimebaki nusu paketi. Nirudie kama zamani au nianze kidogo kidogo?

Muuguzi_Malindi: Usijipimie. Mpigie leo aliyekuandikia, umwambie uliacha lini. Ukiona damu chooni au unakonda, usingoje miadi.

Bi_Mwana: Kama ni haya ya watu, mimi niko Mkomani. Nitakwenda nawe, waseme mgonjwa ni mimi.