Je, kuondoa kifaa cha kiwandani kwenye pikipiki kunaathiri usalama wake?

Hoja iliyowekwa mezani ni kwamba pikipiki inayotoka kiwandani imebebeshwa vitu vingi visivyohusiana na mwendo wala breki, yaani madigadi, kava ya cheni, vioo vya pembeni na swichi ya stendi, na kwamba mwenye pikipiki anayeviondoa ili iwe nyepesi au ipendeze zaidi hahatarishi usalama wa mtu, mradi injini inawaka na breki zinashika. Napinga hoja hiyo, ingawa sidai kwamba kiwanda hakikosei. Kosa ninaloliona ni kukipima kifaa kwa jina lake tu, ilhali kifaa kimoja mara nyingi kina kazi mbili au tatu, na ile ambayo jina halikuitaja ndiyo inayopotea bila mtu kutambua.

Tuanze na madigadi ya mbele, ambayo watu huifungua kwa wepesi mkubwa. Kila dereva anajua kwamba inazuia maji na matope yasimrukie usoni, na kwa hiyo anayeendesha mahali pakavu huona kwamba hana cha kupoteza. Lakini itazame ilivyofungwa. Katika pikipiki nyingi zenye shokapu mbili za mbele, madigadi imekazwa kwa bolti kwenye shokapu zote mbili, na katika baadhi yake kuna bamba la chuma lililopinda juu ya tairi kutoka upande mmoja hadi mwingine. Bamba hilo huzisaidia shokapu kupanda na kushuka pamoja bila moja kujinyonga dhidi ya mwenzake. Likitolewa, kazi yote ya kuzishikanisha inabaki kwa ekseli ya gurudumu na vibanio vya juu. Ikiwa mabomba ya shokapu ni membamba na diski ya breki iko upande mmoja tu, dereva anayefunga breki ya mbele kwa nguvu huku akikata kona anaweza kuhisi usukani umelegea na unachelewa kuitika. Nakubali kwamba pikipiki yenye mabomba manene na ekseli nene huenda isionyeshe tofauti hiyo. Hata hivyo nayo haisalimiki na jambo la pili: mchanga na kokoto zinazorushwa na tairi sasa hupiga mabomba yaliyong'arishwa, mabomba hupata michubuko, michubuko hukata sili za mafuta, yaani mipira inayozuia mafuta yasivuje, na mafuta yakishuka hadi kwenye diski na pedi, ile breki tuliyoambiwa kwamba inashika haishiki tena. Muda mrefu unaweza kupita kati ya kufunguliwa kwa madigadi na siku hiyo, na ndiyo maana ni wachache wanaoyahusisha mambo haya mawili.

Kuhusu kava ya cheni, imesemwa kwamba kazi yake ni kuzuia grisi isichafue suruali. Hiyo ni kazi yake ndogo. Cheni inayozunguka kwa kasi ikinasa ncha ya nguo ya abiria, kamba ya mzigo au mkanda wa begi, huivuta mara moja hadi kwenye spoketi, na kilichonaswa kikiwa kigumu cha kutosha, gurudumu la nyuma hujifunga pikipiki ikiwa bado kwenye mwendo. Abiria yuko hatarini zaidi kuliko dereva, kwa kuwa miguu na nguo zake ziko karibu na spoketi ya nyuma na hana usemi wowote kuhusu kilichofunguliwa kabla hajapanda.

Hapa ndipo wengi huuliza mbona pikipiki za mashindano hazina vioo, indiketa wala stendi, na bado zinaendeshwa kwa kasi kubwa kuliko zetu. Ni swali zuri, lakini jibu lake haliwasaidii wanaoliuliza. Kanuni za FIM, shirikisho la kimataifa la mchezo wa pikipiki, zinadai kinga pale ambapo cheni ya chini inaingia kwenye spoketi ya nyuma, kwa sababu hapo ndipo mkono au mguu wa dereva aliyeanguka unapoweza kunaswa. Katika mashindano ya barabara ya kiwango cha juu zinadai pia kinga ya wenzo wa breki ya mbele, na kava ya chini ya injini inayoweza kubakiza angalau nusu ya mafuta na maji ya kupozea iwapo injini itapasuka. Wanamashindano waliondoa kifaa baada ya kuchunguza kazi yake, wakaongeza vingine pale hatari ilipobadilika, tena wanakimbia kwenye njia iliyofungwa, wote wakielekea upande mmoja. Anayefungua vioo na kurudi kwenye barabara yenye malori amechukua nusu tu ya mfano huo.

Upande wa pili una hoja moja nzito, nami sitaki kuikwepa. Ripoti ya Hurt ya mwaka 1981, inayoitwa kwa jina la mtafiti Harry Hurt na iliyochunguza kwa kina ajali 900 za pikipiki katika eneo la Los Angeles, ilikuta kwamba hitilafu za chombo zilisababisha chini ya asilimia 3 ya ajali, na nyingi kati ya hizo zilitokana na pancha. Mtu anaweza kusema kwamba basi vifaa si tatizo. Lakini hitilafu ni kifaa kilichokuwepo kikashindwa kufanya kazi, na dereva aliyehama njia bila kuliona gari la nyuma kwa kuwa hakuwa na kioo ana nafasi kubwa ya kuandikwa kuwa amekosea yeye. Ripoti hiyohiyo ilisema kwamba pikipiki zilizobadilishwa umbo kwa mitindo ya chopa, yenye shokapu ndefu za mbele, na ya "cafe racer", yenye usukani wa chini, zilionekana katika ajali kupita kiwango chake. Siwezi kudai kwamba mabadiliko pekee ndiyo chanzo, kwa sababu huenda wanaopenda mitindo hiyo pia huendesha kwa namna tofauti. Na kwa haki niongeze kwamba ilikuta vyuma vya kukinga miguu havipunguzi majeraha kwa jumla, kwani vilipunguza ya kifundo cha mguu na kuongeza ya goti na paja. Kwa hiyo anayeviondoa vyuma hivyo ana msingi imara kuliko anayeondoa kioo au kava ya cheni.

Kinachonisumbua kuliko vyote ni swichi ya stendi ya pembeni, ile inayozima injini ukiingiza gia stendi ikiwa chini. Ikipata kutu au maji, pikipiki hukataa kuwaka, fundi huunganisha waya mbili ili kuiruka swichi, na safari inaendelea. Siku dereva atakaposahau kuipandisha stendi, kona ya upande wa stendi itaikutanisha na lami, nayo inaweza kuinua gurudumu la nyuma na kumwangusha. Kioo kilichotolewa kila mtu anakiona, lakini swichi iliyorukwa haionekani hata kwa anayeikagua pikipiki mchana kweupe. Aliyeiruka anajua, na huenda atazoea kutazama stendi kila anapoondoka, ilhali anayeazima au kununua amezoea pikipiki inayojizima yenyewe na ataitegemea swichi ambayo haipo. Kwa hiyo nawaomba wanaoitetea hoja hii wanijibu swali moja: wakiuza pikipiki ya namna hiyo, watamwambia mnunuzi kabla hajatoa fedha, au wataona kwamba si jambo la kutajwa kwa kuwa injini inawaka na breki zinashika?